Kikohozi Kilichotafutiwa Wanawake

Mjukuu wangu wa kwanza alianza kukohoa wakati Kolwezi, mji wa shaba wa Katanga, ilipokuwa inatutapika sisi watu wenye asili ya Kasai. Ninaandika "asili" kwa sababu ndilo neno walilotumia. Mi nilizaliwa hapo hapo Kolwezi, kambini kwa wachimba shaba. Baba yangu aliletwa na Wabelgiji akiwa kijana wa kuchimba shaba, na Kasai nilikuwa ninaijua kama ninavyoijua mbingu: kwa kusikia tu, na bila haraka ya kwenda.

Vijana wa chama cha Wakatanga walisimama mbele ya nyumba yetu na mapanga, wakasema turudi kwetu. Niliwauliza kwetu ni wapi, maana mmoja wao nilikuwa nimempangusa makamasi alipokuwa mdogo. Huyo akatazama chini. Mwenzake, ambaye makamasi yake sikuyajua, akarusha jiwe.

Basi tukatoka. Mume wangu, ambaye kampuni ya shaba ilikuwa imeshamfukuza kazi pamoja na wenzake wote wa asili yetu, alibeba godoro na sufuria akaenda kulala stesheni, kungoja gari la moshi la kutupeleka Kasai. Watu walijaa pale chini ya maturubai na mabati. Mi sikwenda naye. Nilikwenda kwa binti yetu, kwa ajili ya mtoto.

Binti yetu aliolewa na kijana wa kaskazini mwa Katanga, kwa hiyo nyumba yake haikuguswa. Vijana walipita, wakaimba matusi yao mlangoni, wakaendelea na safari. Ndani tulikuwa hivi: binti yangu; mume wake, ambaye alikuwa fundi wa kuunga vyuma, mtu mpole ambaye tangu azaliwe hajapata kumwambia mama yake hapana; mama yake huyo, aliyekuja kutoka Lubudi kwa ajili ya uzazi akasahau kurudi; mi; na mtoto, ambaye alikuwa bado hajajua kukaa. Vyumba viwili. Mama wa Lubudi na mi tuliitana "buko", ndivyo wakwe wanavyoitana, na neno hilo lilitusaidia sana kutukanana kwa heshima.

Kikohozi chenyewe hakikuwa cha mafua. Mafua ninayajua. Hiki kilikuwa kikavu, kidogo, kinarudi-rudi, kibaya zaidi asubuhi na jioni. Mtoto alihema upesi kama aliyekimbizwa, mbavu zikaingia ndani, na ukimweka kifuani ulisikia kitu kinachemka, kama maharagwe kwenye sufuria iliyofunikwa. Joto la mwili hakuna. Maziwa alinyonya kidogo, akaacha ili akohoe. Dawa ya chupa tuliyopata zahanati aliinywa yote, akaongeza kikohozi.

Stesheni watoto walikuwa wanazikwa. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Mume wangu alikuja mchana kuoga na kunywa maji, sikumwuliza habari za watoto wa kule, naye hakunieleza.

Siku moja nilimwambia, "Mi sipande gari mpaka nijue nini iko mu kifua ya huyu mutoto."

"Na gari ikienda?"

"Iende. Si njo kazi yake?"

"Na mi, mama?"

"Weye uko mukubwa. Haukohoe."

Akanywa maji yake akarudi kwenye godoro.

Hapo nataka kusema kitu kimoja juu ya buko wangu. Hatukusikilizana juu ya chumvi, juu ya namna ya kusonga bukari, ugali wetu, wala juu ya nani mwenye nchi. Alinieleza, katika nyumba ya binti yangu, akiwa amekalia kiti changu, kwamba hana neno na Wakasai, isipokuwa wako wengi mno. Lakini juu ya mafuta tulisikilizana. Kwao na kwetu, mtoto akishaogeshwa anadondoshewa mafuta ya ngazi, mawese, puani, matone kadhaa kila tundu, kufungua njia. Mafuta yalitoka kwao, mekundu, mazito, kwenye chupa ya bia. Yeye alidondosha, mi nilishika kichwa. Nje, Wakatanga na Wakasai walikuwa wanafukuzana; ndani, asubuhi na jioni, walikuwa wameinama pamoja juu ya pua moja. Na kikohozi kilipozidi, tulizidisha matone. Msinitazame hivyo. Kila mtu mzima wa kambi ile aliyekuwa anapumua, alipita kwenye mafuta hayo.

Mafuta yalipoonekana hayatoshi, buko akaleta elimu yake ya pili.

Kwao, mtoto anayenyonya akikohoa bila kukoma, maana yake baba ametembea nje, akarudi na jasho la mwanamke mwingine, akambeba mtoto nalo. Baba ataje huyo mwanamke mbele ya wamama, aogeshwe kwa maji ya majani, na mtoto atapona. Kwetu sisi, mambo kama hayo yakitokea, mke ndiye anayetafutwa kosa. Nilipima mila hizo mbili upesi sana, nikaona ya kwao ina akili zaidi, nikanyamaza juu ya yetu.

Mkwe wangu aliketishwa kwenye kigoda katikati ya chumba, baada ya chakula cha mchana. Mama yake alimwita tata, yaani baba, kwa sababu amebeba jina la babu yake.

"Tata, sema."

"Mama, niseme nini?"

"Mutoto anakohoa bure?"

"Sijue, mama."

"Kifua yake inajua. Taja jina."

"Mama, mi sikufanya kitu."

"Unaona," akaniambia mimi, "banaanzaka vile, bote."

Kijana akanitazama. Mi nilikuwa ninachambua sombe, majani ya muhogo, na sikuinua macho, maana mkwe hatazamwi usoni kwenye mambo kama hayo, na pia nilitaka kusikia. Akamtazama mke wake. Mke wake alikuwa anamtazama kama mtu anayengoja kuambiwa mahali pa kupiga. Mtoto akakohoa. Alikohoa mpaka midomo ikageuka rangi, tukasimama sote, kisha akapata pumzi akalia.

"Taja!" mama yake akapiga kelele.

"Ile mama ya bitumbula," akasema. Bitumbula ni maandazi ya kwetu.

"Gani?"

"Ule alikuwa anauzishaka pembeni ya soko."

Binti yangu akainuka, akaingia chumba cha pili na kufunga mlango kwa nguvu zote. Mlango wenyewe ulikuwa pazia, kwa hiyo haukulia, na jambo hilo likamwongezea hasira. Buko alifurahi. Alichemsha majani, akamwogesha mwanawe nyuma ya nyumba, mtu mzima mwenye ndevu, akampaka mtoto maji yale kifuani. Kisha mafuta.

Mtoto akaendelea kukohoa.

"Ulificha ingine," buko akasema. Kigoda kikarudishwa katikati.

"Mama, hakuna ingine."

"Ya bitumbula ilitoka. Kikohozi inabakia. Basi kuko ingine. Hesabu yenyewe inasema."

Akafikiri sana. Jasho lilimtoka. "Kuko moya wa Lubumbashi," akasema mwishoni.

"Jina?"

"Sikumuuliza."

Hapo nilicheka. Sikupanga, kilinitoka tu. Buko akanitazama kama anamtazama mtu aliyeachia upepo kanisani.

Majani, maji, mafuta. Mtoto akakohoa zaidi. Mara ya tatu kigoda kilipowekwa, mkwe wangu alikaa mwenyewe bila kuitwa, akashika kichwa.

"Mama, banamuke banaisha. Unitafutie weye mwenyewe."

Sauti ya binti yangu ikatoka nyuma ya pazia: "Banaisha? Kumbe balikuwa na mwisho?"

Ningeweza kuendelea kucheka mpaka leo, kama binti yangu asingekuja kwangu nilipokuwa ninafua nepi, akaanza kukunja nguo za mtoto ambazo bado zilikuwa na maji.

"Mama, gari ikifika tunaenda bote. Mi na mutoto."

"Kwenda wapi?"

"Kasai."

"Kasai unamujua nani?"

"Na weye unamujua nani?"

"Utabeba huyu mutoto mu wagoni ya wazi? Na kile kifua?"

"Hapa baba yake njo anamuua. Kule atakufa na mi."

Nilimnyang'anya zile nguo nikazirudisha kwenye kamba. Maana nilikuwa nimeshasikia mambo ya stesheni, na nilijua mtoto anayehema namna ile hatafika hata Lubudi, achilia mbali Kasai. Na mke aliyeudhika hasikii mambo ya kuhema.

Nikamkuta mkwe wangu nyuma ya nyumba, anapuliza mbabula, jiko la mkaa, ambalo lilikuwa limeshawaka.

"Tata, uniambie kweli. Mama ya bitumbula?"

"Mama, ata bitumbula yake sikukula. Ilikuwa na muchanga."

"Sasa juu ya nini ulimutaja?"

"Alisha kwenda na gari ya kwanza. Hakuna mutu atamuuliza."

"Na wa Lubumbashi?"

"Lubumbashi iko mbali."

Nikamwambia ni mjinga, lakini mjinga mwenye akili ya kupima umbali. Nikamwambia pia kwamba kesho tunakwenda kwa daktari, na kwamba yeye atatembea mbele, ili vijana wakitusimamisha waone kwanza sura ya kwao.

Hospitali ya kampuni haikutupokea tena. Kulikuwa na kituo kidogo cha masista, na daktari mmoja kijana, mwenye asili kama yetu, ambaye vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa kamba pembeni ya mlango. Wakati askari walipopora mji, walichukua kiti chake, meza, hata mzani wa watoto. Yeye alipima wagonjwa akiwa amekaa juu ya kreti. Chombo cha kusikiliza kifua kilipona, nadhani kwa sababu kilikuwa shingoni mwake. Mashine ya kupiga picha ya kifua nayo ilikuwepo, lakini filamu hakuna, na umeme hakuna. Ilikuwepo namna sisi tulivyokuwepo Kolwezi.

Buko alikuja pia. Alisema mjukuu wake hawezi kuachwa mikononi mwa Wakasai peke yao. Mi nikasema vizuri, abebe basi chupa ya maji. Akabeba kikapu chake chote.

Daktari alimsikiliza mtoto mbele, akamgeuza, akamsikiliza nyuma, muda mrefu. Akagonga mgongo kwa kidole. Akarudi upande wa kulia, chini, akafunga macho.

"Alipata moto mu mwili?"

"Hapana," binti yangu akasema.

"Anakohoa sana saa gani?"

"Asubui na mangaribi."

"Kisha kufanya nini?"

"Kisha kuoga."

"Kisha kuoga munafanya nini?"

Tukatazamana. Kuoga ni kuoga. Ni kama mtu akuulize baada ya kufungua mlango unafanya nini.

"Munionyeshe," daktari akasema. "Vile munafanyaka ku nyumba. Yote."

Buko hakungoja kuambiwa mara ya pili. Hatimaye mtu mwenye koti jeupe alikuwa anamwomba elimu. Akakaa chini kwenye sakafu, akanyosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja, kichwa kikaning'inia magotini. Akatoa kwenye kikapu chupa ya bia. Akakunja jani, maana jani pia alikuwa nalo, akalifanya bomba. Mi nilishuka chini nikashika kichwa, mazoea tu. Mtoto alijua kinachokuja, akaanza kujipinda.

"Hapa tunadondosha," buko akaeleza, "kisha tunapuliza kwa kinywa, inaingia muzuri mpaka ndani."

Daktari alimshika mkono tone likiwa bado kwenye ncha ya jani.

"Mama, wacha!"

"Bado sijamaliza."

"Njo maana nasema wacha."

Akamchukua mtoto, akamsimamisha begani mwake. Alimpapasa mgongo kwanza, kama mtu anayetafuta maneno yasiyo na matusi. Kisha akatueleza. Mafuta yale hayaendi yote tumboni. Mengine yanashuka kwenye pafu, na mafuta mazito hayamshtui mtoto kama maji, yanateleza tu mpaka chini. Pafu halina njia ya kuyatoa. Yanakaa pale, panavimba, panaoza kidogo kidogo, na mtoto anakohoa kwa sababu anajaribu kuyarudisha. Ugonjwa wenyewe aliutaja kwa Kifaransa, jina refu. Kwa kifupi ni nimonia ya mafuta.

"Mi nilikuzwaka na hii mafuta," nikamwambia. "Uone kifua yangu."

"Naona, mama. Uko na bahati. Huyu hakuipata."

"Inafunguaka njia," buko akasema.

"Mama, pafu haiko moteri. Haikunywake mafuta."

Buko alikuwa anafunga chupa yake polepole, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Kisha akauliza, sauti chini, "Na bale banamuke?"

"Banamuke gani?"

Tukamweleza. Nilieleza mimi, kwa kuwa mkwe wangu alikuwa ametoka kusimama uani. Daktari aliuma mdomo, akasema anakwenda kuchukua sindano. Tukamsikia akicheka na sista kwenye korido, kicheko cha watu ambao hawajacheka siku nyingi. Akarudi na uso wa kazi.

"Ata akitaja kwaya yote ya parokia, kikohozi haitatoka. Muache mafuta. Ile tu."

Alimchoma sindano kwa ajili ya uchafu ulioingia juu ya mafuta, akasema arudishwe kwa zingine, sista atamchoma, daktari akishaondoka. Anyonyeshwe akiwa ameinuliwa kichwa. Asikae karibu na moshi. Atapona lakini si upesi; pafu la mtoto lina subira kuliko bibi zake.

Nikauliza lile nililokwenda nalo. "Anaweza kupanda gari?"

Hapo hakucheka. Alitazama vitu vyake pale mlangoni.

"Mi mwenyewe napanda, mama. Kuko wagoni ya wazi, na vumbi, na baridi. Kama huyu mutoto iko na nyumba ya kubakia, abakie."

Binti yangu alilia njia nzima. Mume wake alitembea mbele yetu kama nilivyomwagiza, mabega yamenyooka, mtu aliyepunguziwa wanawake wawili kwa mpigo.

Ugomvi ulianza tulipofika nyumbani. Buko alikuwa amepata nguvu njiani. Akasema yule daktari ni Mkasai, anayachukia mafuta kwa sababu yanatoka kwa Wakatanga. Akasema yeye alikuza watoto wake wote kwa mafuta hayo. Akasema tone moja tu, la jioni, haliwezi kuua.

Nikaona mbele kama kwenye kioo. Nitapanda gari, nitapita Lubudi, na nyuma yangu jani litakunjwa. Binti yangu hawezi kumshinda mama wa mume wake ndani ya nyumba ya mume wake, tena wakati ule, mama wa mume wake ni mwenye nchi na yeye ni mtu wa kufukuzwa. Kulikuwa na mmoja tu anayeweza.

"Tata," nikamwambia mkwe wangu, na nikamtazama usoni, heshima au si heshima, "ulitaja banamuke wawili haukubaona. Sasa useme kitu moja ya kweli. Nikienda, nani atamukatalia mama yako?"

Hakuna aliyepumua, isipokuwa mtoto, kwa shida. Kijana akamchukua kutoka kwa mama yake, akamsimamisha begani namna daktari alivyofanya.

"Mama," akasema, "hapana."

"Hapana nini?"

"Mafuta hapana. Ata tone."

Buko alimtazama kama ametajiwa mwanamke wa tatu. "Leo unajua kusema hapana. Na banamuke ulikubali."

"Banamuke hawakuwako, mama. Mutoto eko."

Bibi yule akakaa kwenye kigoda chenyewe, akajifunika uso kwa kitenge. Baadaye aliniomba nimsaidie kupika, tukapika sombe kwa mafuta yale, mengi. Yalikuwa matamu sana. Binti yangu hakuzungumza tena habari za Kasai, ingawa kwa muda mrefu alimkumbusha mume wake kwamba jina la kwanza alilitoa upesi mno kwa mtu aliyekuwa analitunga.

Sindano ziliendelea. Mafuta yalikoma. Kikohozi hakikukoma, ila kilianza kuacha nafasi katikati, na ndani ya nafasi hizo mtoto alinyonya. Kisha mume wangu akaja akisema mabehewa yameungwa, na safari hii hataki jibu langu, anataka miguu yangu.

Stesheni mkwe wangu aliwaleta binti yangu na mtoto kuniaga, amewatangulia vilevile. Mi nilikuwa nimeshapandishwa, nimekaa juu ya godoro katikati ya watu na masufuria, nikamwambia anipe mtoto juu. Nikamgeuza, nikaweka sikio mgongoni, upande wa kulia, chini, pale daktari alipofunga macho.

Sikusikia kitu. Wagoni nzima ilikuwa imeanza wimbo wa kanisa. Ndivyo tulivyo, tukifukuzwa tunaimba kana kwamba tumealikwa.

"Munyamaze!" nikapiga kelele.

Waliendelea. Mama mmoja akanionyesha Biblia.

"Nasema munyamaze! Nasikiliza mutoto!"

Wale wa karibu waliona sikio langu lilipo, wakaacha. Wakawagusa wale wa nyuma, na hao wakawagusa wengine. Kimya kikasogea mpaka mwisho wa wagoni, hata watu wa wagoni ya pili wakatulia, sijui waliambiwa nini. Watu wengi vile, na wengi wao walikuwa na watoto, na wengine waliwahi kuwa nao.

Nikasikiliza. Kitu bado kilikuwepo, kidogo, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili. Lakini pumzi ilikuwa inashuka. Niliifuata kwa sikio upande wa kushoto, nikaifuata upande wa kulia, ikafika chini, ikarudi, ikafika tena.

"Nini?" mume wangu akanong'ona.

"Anapumua."

Nikambusu mtoto kisogoni, nikamshusha kwenye mikono ya baba yake. Watu wote walikuwa bado wananitazama, wanangoja.

"Haya, muimbe," nikawaambia. "Na banaume hapa nyuma, ile sauti yenu ya chini haikuwa muzuri. Muanze upya."